Shahada ya Pamoja

"Mtu mmoja! Nafasi ya mtu mmoja, Profesa! Yule mama wa ofisi ya chuo kaniambia hivyo hivyo, halafu akacheka. Kanicheka mimi!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Basi vaa barakoa kama mimi ndiyo upige kelele. Unatema mate kwenye mbegu."

Fundi akabaki kinywa wazi katikati ya chumba, simu ya mchumba wake mkononi. Akatazama meza, akatazama chupa za ngano zilizopangwa, akatazama taa ya spiriti inayowaka katikati yake. Kisha akaenda kwenye msumari, akachukua barakoa, akajifunga kwa hasira mpaka kamba moja ikakatika. Akaishikilia kwa mkono puani, kama mtu anayetokwa damu, akaendelea kugomba.

"Haya. Nimevaa. Sasa nijibu!"

Siku nyingine Profesa angecheka mpaka akae chini. Leo hakucheka. Jina lenyewe hilo, Profesa, alipewa na Fundi siku za mwanzo za mapenzi yao, na lilikuwa linamteleza masikioni kama mafuta. Leo Fundi alilitamka kama mtu anayerusha jiwe.

Na kosa lilianza kwa jambo dogo tu, simu. Simu iliita wakati mikono yake imelowa spiriti na chupa mama imefunguliwa. Chupa mama ndiyo ile yenye uyoga wa kwanza, nyuzi zake nyeupe laini kama pamba, ambamo humegwa mbegu zote za uyoga wanazootesha kwenye ngano na kuuza. Hakuna nyingine. Kwa hiyo akasema bila kufikiri, "Hebu pokea, mpenzi." Na Fundi akapokea, kwa ile sauti yake nzuri anayowapa wateja.

Profesa alisikia upande mmoja tu wa maongezi, lakini ulimtosha.

"Ndiyo, mimi ndiye mchumba wake... Ndiyo, ndiyo, sisi ndio wale wa shahada ya pamoja... Sasa, mama, nilikuwa nauliza kuhusu mabweni. Sisi bado hatujafunga ndoa, je, mnatuweka jengo moja au mnatutenganisha?... Sisi wawili, ndiyo... Eti?... Mtu mmoja?"

Hapo ndipo moyo wa Profesa ulipoanguka chini, ukakaa huko.

"Nakuuliza," Fundi alisema nyuma ya barakoa. "Shahada ya pamoja ni nini?"

"Unajua sasa."

"Nataka kusikia kwako. Siyo kwa mama wa ofisini anayecheka."

Profesa akaweka koleo la chuma juu ya moto, akalitazama likigeuka jekundu. "Ni masomo mawili yanayosomwa na mtu mmoja. Biashara na bioteknolojia. Miaka miwili, vyeti viwili, mtu mmoja. Pamoja ni masomo, Fundi. Siyo watu."

"Pamoja ni masomo." Alirudia polepole, kama mtu anayeonja dawa. "Jamani. Mimi na shahada yangu ya biashara iliyolala juu ya kabati, nikasema, kumbe Mungu alikuwa anaipangia kazi! Biashara mimi, bioteknolojia wewe! Si nilikuuliza? Nilitoka chini ya friji pale karakana, grisi mpaka kwenye kope, nikakuuliza hivyo hivyo. Wewe ukafanyaje?"

"Nilicheka."

"Ulicheka! Nikajua umefurahi."

"Nilidhani unatania."

"Na nilipokuletea picha zangu za pasipoti? Nimevaa tai ya kuazima, shingo imenivimba! Hapo pia nilikuwa natania?"

 Nje, cherehani ya Mama ilikuwa inakimbia, ikisimama, ikikimbia tena. Nyumba ilikuwa ya Mama yake Fundi, na chumba hiki cha uani walikipata kwa huruma yake. Zamani kilikuwa stoo. Fundi alikipiga chokaa, akaziba kila tundu, kisha akatengeneza mlango kwa mikono yake, akauzungushia raba aliyoibandua kwenye friji bovu ili upepo usipate pa kupita. Mlango ukifungwa taratibu unajibana wenyewe, unatoa sauti kama ya mtu anayebusu. Ukibamizwa, upepo wote wa uani unajaa ndani, na upepo huo una ukungu wa kijani, na ukungu wa kijani ukitua kwenye chupa, kwaheri. Binamu yake aliwahi kuubamiza, mara moja tu. Siku chache baadaye chupa zote zilikuwa kijani kama majani ya chai, na Fundi na Profesa walizimwaga uani wakiwa hawasemeshani, siyo kwa ugomvi, kwa msiba.

"Sikuwa nadhani unatania," Profesa alisema mwisho. Ilibidi litoke. "Siku ya picha nilijua. Nilijua umeelewa vibaya. Nikazichukua, nikazitia kwenye pochi, na mpaka leo zimo."

Fundi akaacha barakoa ianguke.

"Ulijua."

"Ulikuwa na furaha, Fundi. Sijawahi kukuona vile. Ulikuwa unaimba ukifunga nati. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikafika, ukanijia na kalamu mbili, yangu na yako, tujaze fomu. Nikasema kesho tena. Halafu nikajiambia, labda watanikataa, na wakinikataa hakuna haja ya kumuumiza mtu."

"Kwa hiyo ulikuwa unaomba wakukatae?"

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa naomba wanikubali. Ndiyo maana nilishindwa kukutazama."

Akamtazama sasa. Na Fundi akamtazama yeye, macho yale yale yaliyomfanya Profesa siku ya kwanza asahau kilichompeleka karakana, akaacha feni yake pale akarudi nyumbani mikono mitupu. Macho mazuri, ya kahawia, yenye utani muda wote. Leo utani umehama, nyumba imebaki tupu.

"Unajua nimefanya nini asubuhi?" akauliza. "Nimemrudishia bosi ovaroli. Na funguo. Kanikumbatia yule mzee, Profesa, kaniambia, nenda mwanangu, karakana itakukumbuka. Vijana wamenipigia makofi. Nikirudi kesho nitawaambia nini? Kwamba nilisoma neno vibaya?"

Profesa akarudisha macho mezani. Mkono wake ukatafuta kazi wenyewe, kama kawaida yake akizidiwa. Koleo likapoa, akafungua chupa ya ngano, akamega kipande cheupe kutoka chupa mama, akakiweka ndani, akaifunika hiyo ya ngano. 

"Hodi humo ndani! Nimevua viatu!"

Mlango ukafunguka taratibu, kama ulivyotakiwa, na Mama akaingia kwa vidole vya miguu, pini zimepangwa mdomoni, mikononi kabeba kitu cheupe kilichokunjwa. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, fundi cherehani anayejua kipimo cha kiuno cha kila mwanamke mtaani na hajawahi kukitaja.

"Nimesikia kelele mpaka kule kwenye cherehani," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Mnagombania nini? Kitanda cha juu na cha chini?" Akacheka peke yake. "Haya, simameni nione. Ilikuwa iwe siri mpaka siku ya safari, lakini mikono ya huyu kijana ni mirefu kama ngazi, siwezi kuikisia."

Akakunjua. Yalikuwa makoti mawili meupe ya maabara, kitambaa kizito, vifungo vikubwa. Kifuani, kwa uzi wa bluu, moja limedariziwa *Profesa*. La pili, *Meneja*.

Profesa akainamisha macho. Hata taa ya spiriti ilionekana kuona aibu.

"Mbona mmepigwa na butwaa? Mazuri, eeh? Baba yako mdogo amesema ukoo wetu haujawahi kutoa watu wawili wakasoma kama mapacha. Nyoosha mkono, wewe!"

Fundi akanyoosha mkono. Angefanya nini? Mama yake akamvalisha koti, akaanza kukunja mikono na kupiga pini, huku akizunguka kama anayevalisha bwana arusi. Juu ya kichwa cha mama, macho ya wale wawili yakakutana. Ya Profesa yalikuwa yanasihi, siyo leo, siyo mbele yake. Ya Fundi hayakukubali.

"Mwambie," alisema.

"Fundi, tafadhali..."

"Mwambie, Profesa. Mimi nimechoka kuwa wa mwisho kujua. Asiwe yeye."

"Aniambie nini?" Mama akasimama, pini hewani. Akamwangalia msichana tumboni. "Una mimba?"

"Hapana, Mama!"

"Kama siyo mimba basi siyo habari. Nyoosha mkono wa pili."

"Mama, nafasi ni moja," Profesa alisema. Alisema haraka, kama mtu anayebandua plasta. "Nimepata mimi tu. Fundi hakuomba. Alielewa... tulielewana vibaya. Nakwenda peke yangu. Miaka miwili."

Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Profesa. Alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizichoma kwenye kijimto kilichofungwa mkononi mwake. Alipomaliza, mdomo ulikuwa huru. Akapitisha kidole juu ya lile neno *Meneja*, akalilainisha, kana kwamba lilikuwa limekunjamana.

"Na arusi?"

"Baada ya masomo, Mama. Ikiwa atanisubiri."

"Akusubiri? Mwanangu akae hapa miaka miwili kama mzigo uliosahauliwa stendi, kila anayepita anauliza, mzigo huu wa nani?" Sauti ilikuwa inapanda taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Maana nimekuita mwanangu tangu siku ya kwanza, na bado nakuita. Mimi sikatai usome. Usome mpaka vitabu viishe! Ninachokataa ni mwanangu kuchekwa. Nimewatangazia watu. Nimewashonea. Nikatoke kule mbele niwaambie nini wale wanawake waliokaa wanasubiri nguo zao?"

"Nisamehe, Mama."

"Msamaha baadaye. Fundi, sema na wewe! Ni mchumba wako. Mwambie asiende, yaishe."

Fundi alikuwa amesimama pale na koti lake, mkono mmoja mrefu, mwingine umekunjwa kwa pini. Aliziangalia zile pini.

Ikampanda Profesa kitu kifuani, hakujua ni hasira au ni mapenzi, labda havikuwahi kutengana kwake. "Haya, niambie," alisema. "Mama yupo. Niambie, usiende. Neno moja tu. Ukisema nabaki."

Na mara tu aliposema, aliogopa. Hakujua kama ni kweli.

Fundi alijua. Alitikisa kichwa polepole. "Hilo hulitaki, Profesa. Wewe unataka mimi ndiye niseme. Halafu tuzeeke pamoja, na kila ukungu ukiingia kwenye chupa, kila mnunuzi akitukimbia, uniangalie. Usiseme kitu, uniangalie tu. Hapana. Mzigo huo sikuuomba."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka unijibu swali moja. Mimi nilikuwa biashara. Wewe bioteknolojia. Wewe unaotesha, mimi nauza. Ndivyo tulivyokuwa kitu kimoja. Sasa unakwenda kuwa vyote viwili, peke yako. Mimi hapo nabaki nani?"

"Unabaki Fundi wangu."

"Mafundi wako kila kona."

"Usiniambie hivyo! Unakumbuka yule mnunuzi wa hoteli?" Sasa yeye ndiye aliyepandisha sauti, kwa mara ya kwanza katika chumba hiki. "Nimesimama hapa hapa, namweleza joto, namweleza unyevu, namweleza kwa nini mbegu zangu hazifi. Nikimaliza sentensi, anakugeukia wewe! 'Eti, bwana?' Mimi nikawa kama redio ya nyuma. Na ulipokubaliana naye, mliongea maneno ya biashara ambayo mimi sikuyaelewa, nikatabasamu kama mjinga. Siendi kuchukua kiti chako, Fundi. Nataka kukaa kwenye kiti changu, nisikie wanachosema kuhusu mbegu zangu."

"Zetu," Fundi alisema.

"Zetu."

Lakini alikuwa amechelewa. Lile 'zangu' lilikuwa neno dogo tu, na lilianguka katikati yao kama sahani.

Mama akashika mkono wa mwanawe. "Yatosha," alinong'ona. "Yatosha, watoto."

Simu ikaita.

Ilikuwa bado mkononi mwa Fundi. Wote watatu wakaiangalia. Namba ile ile. Ikaita, ikaita, na Profesa akawaza kwamba Fundi akiitupa ukutani atakuwa na haki, na akiacha iite mpaka ikate pia atakuwa na haki, na hakuna mtu duniani atakayemlaumu. Lakini Fundi alibonyeza spika, akaiweka mezani karibu na mikono ya Profesa iliyolowa, taratibu, mbali na moto, kama alivyozoea kumwekea kila siku.

"Halo? Ni mhusika mwenyewe sasa?" Sauti ya mama wa ofisini ilijaa chumba. "Samahani, mwanzo laini ilikatika. Dada, tunakaribia kufunga. Unathibitisha nafasi, au nimpigie anayefuata? Wanaosubiri ni wengi."

Mama alikuwa anamtazama. Fundi hakumtazama. Alikuwa anaangalia mlango.

Profesa akainama juu ya simu. Akawaza uso wa Fundi ukitoka chini ya friji. Akawaza yule mnunuzi akigeuza kichwa. Akawaza chupa, chupa nyingi, safu kwa safu, jumba zima, na yeye akiingia humo akijua kila kitu kinachosemwa.

"Nathibitisha," alisema.

"Vizuri sana, hongera! Na tumeelewana, eeh, ni nafasi ya mtu mmoja? Maana kuna bwana hapa alikuwa anaulizia mabweni..." Na kicheko kikaanza kule upande wa pili, kicheko cha mtu mwema asiyejua kitu.

"Tumeelewana," Profesa alisema. "Mtu mmoja."

Simu ikakatika.

Fundi akaanza kulivua koti. Alilivua polepole kwa sababu ya pini, mkono huu, kisha mkono ule, na bado moja ikamkwaruza, mstari mwekundu mwembamba ukachora mkononi. Hakuushughulikia. Akalikunja, jina likiwa ndani, akamkabidhi mama yake.

"Asante, Mama. Limenikaa vizuri."

"Mwanangu..."

"Limenikaa vizuri sana."

Akapita mbele ya meza. Kwa nukta moja alisimama pale, karibu kiasi kwamba Profesa alisikia harufu yake, sabuni na chuma, harufu ambayo angeitambua gizani kati ya wanaume mia. Akadhani atasema neno. Akadhani atamgusa bega. Midomo ya Profesa, iliyofichwa nyuma ya barakoa yake, ikasema, "Usiondoke hivyo," lakini bila sauti, na kitambaa kilikuwa kinene.

Fundi akaendelea kutembea.

Hapo ndipo Profesa alipotazama mkono wake wa kushoto, akaona kifuniko. Kifuniko cha chupa mama. Alikuwa amekishikilia muda wote, tangu simu ilipoita mara ya kwanza, na chupa mama ilikuwa wazi kabisa mbele yake, nyuzi zake nyeupe zikipumua hewani.

Akamwona Fundi akifungua mlango. Akaona mgongo wake, mabega yamepanda juu mpaka karibu na masikio, mkono umekaza kitasa mpaka mishipa imesimama. Alimjua mtu huyu. Alijua hasira yake inavyotoka, alishamwona akipiga teke friji lililokataa kupona. Asingewahi kuifunika chupa kabla mlango haujabamizwa. Akajiinamia juu ya chupa kwa mikono miwili, akabana macho, akasubiri kishindo.

Kishindo hakikuja.

Ilikuja sauti ndogo tu, ya raba ikikutana na raba, kama ya mtu anayebusu. Profesa akafumbua macho. Mama alikuwa amekumbatia makoti yote mawili kifuani, machozi yanamtiririka. Mlango ulikuwa umefungwa. Na mezani, mbele ya chupa mama, moto wa taa ya spiriti ulikuwa umesimama wima, haukuinama hata kidogo.